Anza na Kitasa, Usianze na Gari: Kupata Ufunguo Mtupu Unaofaa Gari la Zamani

Swali la kwanza la muuza funguo huwa lilelile: gari gani, la mwaka gani? Kwa gari lililotoka kiwandani juzi, swali hilo linatosha. Kwa gari lenye umri wa miaka 50 linaweza kukupoteza kabisa. Katika muda huo mlango wa dereva umeshagongwa ukabadilishwa, swichi ya kuwashia imeungua ikafungwa nyingine, na pengine buti pekee ndilo lililobaki na kitasa cha kiwandani. Ufunguo haulijui gari, unakijua kitasa. Anayetafuta kwa jina la gari huishia na mfuko wa funguo zisizoingia popote. Anayeanza na tundu lenyewe hufika haraka, hata kama hajui gari limepita mikono mingapi.

Ufunguo mtupu ni ule ambao haujachongwa meno. Una kichwa unachokishika kwa vidole, bega linalogota kwenye uso wa kitasa, shina linaloingia ndani, na ncha. Ubavuni mwa shina kuna mifereji, na mifereji hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Meno yatachongwa baadaye, kwa hiyo unapolinganisha funguo mbili usiyatazame hata kidogo. Jicho huyakimbilia kwa sababu ndiyo yanayoonekana, na hapo ndipo makosa mengi ya ununuzi huanzia.

Shika ufunguo wa zamani ncha yake ikielekea jichoni mwako, kama mtu anayechungulia bomba. Utaona umbo dogo lililopindapinda, mfano wa herufi Z au S iliyobanwa. Huo ndio mkato wa shina. Ufunguo mtupu unaofaa una mkato huohuo, mfereji kwa mfereji, kina kwa kina. Angalia pia upande: yapo maumbo yaliyo sawa kwa kila kitu ila yamegeuzwa kama kwenye kioo, na ukiyatazama yakiwa yamelala mezani hutaona tofauti. Simamisha zote mbili, ncha juu, meno yakielekea upande mmoja, ndipo ulinganishe.

Namba kabla ya kipimo

Kabla hujashika rula, tafuta namba. Namba ya kitasa ikipatikana, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu mara nyingi inataja aina ya ufunguo mtupu na pia kina cha kila jino. Itafute kwenye kichwa cha ufunguo wa asili, kwenye uso wa swichi ya kuwashia kandokando ya tundu, kwenye ubavu wa silinda ya mlango, yaani ule mwili wa kitasa unaoingiza ufunguo (ubavu huu hauonekani mpaka silinda itolewe), kwenye shingo ya mkono wa mlango upande wa ndani, kwenye kitasa cha kisanduku cha dashibodi, na kwenye kurasa za mwanzo za kitabu cha gari ambako mwenye gari wa kwanza huenda aliiandika kwa kalamu. Tumia kioo cha kukuza na tochi iliyolazwa pembeni. Mwanga wa ubavuni huibua herufi zilizofutika, mwanga wa usoni huzizima. Rangi na kutu vitolewe kwa mswaki wa nailoni na kiyeyushi, kamwe si kwa msasa, maana msasa unafuta hichohicho unachokitafuta.

Magari ya Uingereza ya katikati ya karne iliyopita ni rahisi kwa namna inayoshangaza. Mengi yalitumia funguo za mfululizo zilizoanza na herufi: FA 501 hadi 625, FP 626 hadi 750, FS 876 hadi 955. Herufi zinataja familia ya umbo, namba inataja meno. Mfululizo wa FS, uliotumika kwenye MG, Triumph na Jaguar nyingi, una funguo 80 tu. Ukiona FS na namba yake kwenye uso wa swichi, huhitaji ufunguo mtupu wala fundi: unaagiza ufunguo uliokwisha kuchongwa kwa namba hiyo. Swichi za zamani zaidi za Lucas, mtengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari ya Uingereza, zilitumia mfululizo wa MRN, nao una funguo 50 tu. Hesabu hizo zikueleze pia jambo la usalama. Kwenye mkusanyiko wa magari 100 ya aina hiyo, hapana budi baadhi ya funguo zifungue gari zaidi ya moja. Mwenye gari kama hilo aweke swichi ya siri ya kukata betri.

Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 inadai umakini zaidi. Namba yake hutanguliwa na herufi kama SC, SG, SU au SV, na kila kundi la herufi lina mifereji yake. Ufunguo wa SG hauingii kwenye tundu la SU, ingawa kwa macho ya haraka ni ndugu wa tumbo moja. Mtu anayekuuzia "ufunguo wa Beetle" bila kukuuliza herufi hajui anachouza.

General Motors ya Marekani ndiyo inayoonyesha vizuri kwa nini mwaka wa gari peke yake ni mtego. Tangu 1935 hadi 1966 magari yake yalitumia mpango mmoja uliodumu: vitasa vya kampuni ya Briggs & Stratton vyenye nafasi 6 za meno na vina 4, yaani viwango 4 ambavyo jino linaweza kuchongwa. Mwaka 1967 vina vikawa 5, na mifereji ikaanza kubadilika kila mwaka kwa mzunguko wa miaka minne. A na B zilikuwa za 1967, C na D za 1968, E na H za 1969, J na K za 1970, kisha 1971 ikarudi A na B. Herufi moja ya kila jozi ni ya ufunguo wa kuwashia gari, nyingine ni ya buti na kisanduku cha dashibodi. Herufi hiyo hupigwa kwenye shina, karibu na bega. Sasa chukua Chevrolet ya 1969 iliyobadilishiwa swichi kwa nyingine iliyotolewa kwenye gari la 1971. Karatasi za gari zinasema E, kitasa kinasema A. Nani ana haki? Kitasa.

Kwenye funguo hizohizo za General Motors utaona tundu dogo kichwani lililo wazi. Lilikuwa na kipande cha chuma chenye namba, na mnunuzi alitarajiwa kukigongoa na kukihifadhi mahali pengine ili mtu asisome namba hiyo kwenye ufunguo ulioachwa mezani. Ukipata gari ambalo ufunguo wake bado una kipande hicho, usikiguse kabla ya kunakili namba. Na ukiwa na makaratasi ya zamani ya gari, yapekue vizuri, kwa kuwa kipande hicho mara nyingine kimebandikwa humo humo.

Ukikosa namba, pima

Kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na upana, inayosoma sehemu ya 0.1 ya milimita inatosha, inayosoma 0.01 ni bora. Vipimo vinavyohitajika ni vinne: unene wa shina mahali pasipo na mfereji, upana wa shina kutoka mgongoni hadi upande wa meno (upimie karibu kabisa na bega, ambako hapajachongwa), urefu kutoka begani hadi nchani, na umbali wa kila mfereji kutoka mgongoni pamoja na upana wake. Andika vyote kwenye karatasi moja pamoja na mchoro wa mkato uliokuzwa mara kumi. Mchoro wa penseli utakusaidia kuliko picha ya simu, kwa sababu picha hupotosha unene.

Kumbuka kwamba unapima kitu kilicholika. Ufunguo uliotumika miaka 40 umepungua upana mgongoni na ncha yake imekuwa ya mviringo. Ukipata upana wa milimita 7.7 na orodha inaonyesha 7.9, usikimbilie kusema si wenyewe. Mifereji hailiki sana, kwa hiyo yenyewe ndiyo ushahidi wa kuaminika. Bega likiwa limetafunika, pima kutoka nchani pia.

Kama hakuna ufunguo kabisa, soma tundu. Chukua udongo laini wa kufinyangia wa watoto uliopoa kidogo, ubonyeze kwenye mdomo wa tundu na uutoe moja kwa moja bila kuupinda. Utabaki na sura ya mdomo, na matuta ya tundu yatakuonyesha mifereji ya ufunguo inapaswa kuwa wapi. Usitumie nta yenye joto wala kitu chochote kinachoweza kubaki ndani.

Ukiwa na vipimo, sasa fungua orodha za watengenezaji. Ilco ya Marekani, Silca ya Italia na JMA ya Hispania ndizo majina makubwa, na kila mmoja ana namba zake kwa kitu kilekile. Ufunguo mkuu wa General Motors wa kabla ya 1967 orodha nyingi huuita B10, na Ilco inauita H1098LA. Kwa hiyo usiandike jina moja tu kwenye daftari. Andika yote unayoyapata, maana duka moja litakuwa na hili na jingine lile. Orodha nyingi zina michoro ya mkato yenye ukubwa halisi. Simamisha ufunguo wako juu ya mchoro, ncha chini, na umbo lizibe umbo. Orodha ikitaja gari lako lakini mchoro ukakataa, sadiki mchoro.

Jaribu kabla ya kuchonga

Ufunguo mtupu ujaribiwe kwenye kitasa kabla haujafika kwenye mashine. Usukume kwa vidole viwili tu. Unapaswa kwenda mpaka bega ligote, bila kulazimishwa, na ukiutikisa juu na chini ucheze kidogo sana. Pini au vibati vya ndani, vile vipande vidogo vinavyopangwa na meno ya ufunguo, vitaukinza kidogo, hilo ni kawaida. Kisichokubalika ni kukwama kwa ghafla mahali pamoja kila mara: hapo kuna tuta la tundu linalogonga mahali pasipo na mfereji. Hatua inayofuata si kuchukua tupa ya kukwangulia chuma. Tupa itafanya uingie, lakini shina litabaki jembamba, litayumba, na meno hayatafika kwenye kimo chake.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo ni la hatari zaidi kwa sababu linajificha. Ufunguo mwembamba wenye mifereji mipana huingia kwenye matundu mengi. Kuingia kwake hakumaanishi unafaa. Unakaa chini au juu ya mahali panapotakiwa kwa sehemu ya milimita, nawe utachonga meno sahihi juu ya msingi usio sahihi. Kitasa kitafunguka leo, kesho kitagoma, kesho kutwa kitafunguka ukiuinua ufunguo kidogo. Watu hulaumu kitasa, wakakitoa na kukitupa, kumbe kilikuwa kizima.

Jaribu pia kichwa. Funguo za kisasa zenye vichwa vya plastiki au nembo nene iliyonakshiwa rangi hugonga fremu ya swichi kwenye nguzo ya usukani, zikazuia bega lisigote. Upungufu wa milimita moja hapo ni karibu nusu ya nafasi kati ya jino na jino, na nusu nafasi inatosha kukataa kila kitu.

Kuhusu madini: shaba nyeupe, ile aloi ya shaba, nikeli na zinki, ndiyo chaguo langu kwa ufunguo wa kila siku. Ni ngumu kuliko shaba njano na bado haili vibati vya ndani. Shaba njano iliyopakwa nikeli inafaa na huchongeka vizuri. Chuma cha pua hakifai kwa kitasa cha zamani, kwa kuwa kinakula kitasa badala ya kuliwa, na kitasa ndicho kigumu kupatikana. Alumini hupinda kwenye swichi ngumu, na siku ikikatikia ndani utaomba usingeinunua.

Usinakili uchakavu

Ufunguo sahihi umepatikana. Sasa kosa kubwa kuliko yote linakungoja: kuuweka ufunguo wa zamani kwenye mashine ya kunakili na kuchonga mpya unaofanana nao. Mashine hainakili ufunguo, inanakili uchakavu wake, kisha inaongeza kosa lake dogo. Nakala ya nakala ya nakala inaweza kuwa imepungua 0.3 ya milimita kwenye kila jino. Kwenye vitasa vya General Motors vya tangu 1967, tofauti kati ya kina kimoja na kinachofuata ni inchi 0.025, yaani karibu milimita 0.64. Ukikosea 0.3 umesimama katikati ya vina viwili, na kitasa hakijui unataka kipi.

Dawa ni kuchonga kwa namba, si kwa kunakili. Kama namba unayo, fundi anaitafsiri kuwa vina na kuchonga kila jino kwa kipimo cha kiwandani. Kama huna, ufunguo wa zamani husomwa: kila jino linapimwa kutoka chini kabisa palipochongwa hadi mgongoni, kisha kipimo kinapandishwa kwenye kina kilicho karibu. Vina vya General Motors vya 1967 na baada yake ni inchi 0.315, 0.290, 0.265, 0.240 na 0.215. Ukipima 0.279, fikiria: jino haliongezeki, linapungua. Kwa hiyo lilianza 0.290, wala si 0.265. Kanuni hii moja ya kupanda juu badala ya kushuka huokoa funguo nyingi. Mashine ya mkono ya Curtis namba 14, inayofanana na koleo kubwa, imetengenezwa kwa kazi hii. Unabadilisha vipande viwili ndani yake kulingana na aina ya kitasa, na kila unapobana inachonga jino moja kwa kina ulichochagua.

Jino la ufunguo uliochongwa karibuni huacha ukingo mkali upande mmoja. Upitishe kwenye brashi ya waya laini mpaka kidole kisihisi kitu. Ukiacha ukingo huo, utakwaruza vibati na unga wake utabaki ndani ya silinda.

Sasa usikilize mkono wako. Ufunguo unaoingia mpaka mwisho lakini haugeuki, ila ukiurudisha nyuma kwa unene wa kadi unageuka, una kosa la bega: meno yote yamesogea pamoja, vina ni sahihi, mahali ndipo si sahihi. Ufunguo unaogeuka ukiinuliwa au kukandamizwa una kosa la kina, au shina ni jembamba. Ufunguo unaogeuka vizuri lakini hautoki: miteremko kati ya meno ina mwinuko mkali mno. Na ufunguo unaotoka kwenye swichi gari likiwa linanguruma si neema hata kidogo. Unaonyesha kwamba vibati vimelika, na kwenye gari lenye kufuli la usukani, kitasa cha namna hiyo kinaweza kufika mahali pa kufunga usukani ukiwa barabarani. Kirekebishwe kabla ya safari nyingine yoyote.

Funguo zote zikiwa zimepotea

Anza na mlango, usianze na swichi. Silinda za swichi nyingi hazitoki mpaka ufunguo ugeuzwe kwenye nafasi fulani, lakini silinda ya mlango kwa kawaida imeshikwa na kibanio bapa chenye umbo la U upande wa ndani. Unatoa kitambaa cha mlango, unakivuta kibanio kwa koleo, silinda inatoka bila ufunguo wowote. Itazame ubavuni: namba ikiwepo, umemaliza.

Isipokuwepo, silinda inafunguliwa na vibati vinasomwa kimoja kimoja. Fanya kazi hiyo mikono ikiwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, kwa sababu springi zake ni ndogo kama kipande cha uzi na zikiruka hazionekani tena. Vibati uvipange kwa mfuatano juu ya mkanda wa karatasi wenye gundi, uandike 1 hadi 6 kuanzia upande wa bega. Baadhi vina namba ya kina iliyopigwa juu yake. Visivyo na namba hupimwa kwa kalipa, kutoka ukingo wa tundu la kibati hadi ukingo wa nje. Kwenye vitasa vyenye ufito wa pembeni, yaani fimbo nyembamba inayopaswa kuingia kwenye mikato ya vibati vyote ndipo silinda igeuke, kama hivyo vya General Motors, kinachosomwa ni mahali pa mkato wa V uliopo ubavuni mwa kibati.

Njia ya kuchonga kwa alama, ambapo ufunguo mtupu wa shaba njano hugeuzwa kwa nguvu kidogo ndani ya kitasa kisha tupa ikafuata vidoa vinavyobaki, inafanya kazi kwenye vitasa vya pini na vya vibati vya kawaida. Kwenye vyenye ufito wa pembeni alama hazitoki sawasawa. Usipoteze siku nzima.

Kitasa kikiwa nje, kioshe kwa kiyeyushi kinachokauka, kipulizie hewa, kisha tia unga wa grafiti kidogo sana. Grafiti na mafuta visikutane, maana hugeuka kuwa tope linaloshika vibati kama gundi.

Chonga funguo tatu, zote kwa namba. Ya kwanza isiingie kwenye kitasa zaidi ya mara ile ya kujaribu: itie kwenye bahasha pamoja na mchoro wa mkato, majina ya orodha zote, na vina vya meno vikiandikwa kuanzia begani. Andika pia ni kitasa kipi, mlango, swichi au buti, kwa kuwa baada ya miaka kumi hutakumbuka. Bahasha isikae ndani ya gari, na picha ya ufunguo isiwekwe mtandaoni, kwani anayejua kusoma vina huvisoma kwenye picha pia.